KURUTA NAYE NI RAIA



Nani hapa hajasikia hadithi za JKT? Kaka akirudi kutoka kambini hana lingine: kuamshwa saa kumi alfajiri, mchakamchaka, kwata juani, kuruka kichura mpaka magoti yanagoma, kuitwa kuruta kana kwamba mama yake hakumpa jina. Tunacheka kijiweni. Tunasema, jeshi ndivyo lilivyo.

Leo naomba tuache kucheka kidogo.

Sibishi kwamba jeshi ni kazi ngumu. Askari asiyejua kutii amri atawaponza wenzake vitani. Mchakamchaka unajenga pumzi, kwata inafundisha watu mia kwenda kama mtu mmoja. Hayo ni mafunzo. Lakini kofi la usoni na tusi la mzazi vinafundisha nini? Vinafundisha woga, na mwoga hulipa kisasi kwa raia siku akipewa bunduki.

Hebu tuwatazame Wamarekani, ambao sinema zao za kijeshi tunazishangilia. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya Parris Island, Sajini Matthew McKeon aliona vijana wake wamelegea. Siku hiyo alikuwa amekunywa pombe. Akawaongoza makuruta 74 kuingia kwenye mkondo wa maji uitwao Ribbon Creek, eti wapate nidhamu. Yeye mwenyewe alitangulia mbele. Wengine hawakujua kuogelea. Sita wakazama, wakafa.

Angalieni jambo moja: McKeon hakukusudia kuua. Alikuwa mkufunzi aliyeachiwa roho za watu usiku, bila mkubwa wa kumwuliza anakwenda wapi. Alishitakiwa katika mahakama ya kijeshi, magazeti yakiandika kila neno, na jeshi likaongeza maofisa wa kuwachunga wakufunzi.

Je, yaliisha? Hapana. Katika kambi hiyohiyo mkufunzi Joseph Felix alimwingiza kuruta Mwislamu kwenye mashine ya kukaushia nguo, ikawashwa. Machi 2016 kuruta mwingine Mwislamu, wa miaka 20, alikufa kwa kuanguka kutoka ghorofani, muda mfupi baada ya Felix kumpiga kofi. Novemba 2017 Felix akahukumiwa miaka 10 jela. Jeshi lao halikuvunjika kwa sababu hiyo.

Sasa turudi nyumbani. JKT ilianzishwa mwaka 1963. Ulazima ulisitishwa 1994, ukarudi 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Sisi tulioishia kidato cha nne tunakwenda kwa kujitolea, na hapo ndipo penye kitanzi. Matangazo ya ajira za jeshi yanataka cheti cha JKT. Kwa hiyo afande hakushika filimbi tu, ameshika na ugali wako. Mtoto wa kigogo akionewa, baba yake atapiga simu. Mtoto wa mlalahoi atapiga saluti.

Katiba yetu, Ibara ya 25, inairuhusu Serikali kukuita ukajenge taifa. Sawa. Lakini Ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu za kumdhalilisha. Isomeni wenyewe. Hamtakuta mahali palipoandikwa "isipokuwa kuruta".

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, daktari wa kambi akisema kijana huyu apumzike, afande asiwe na la kuongeza. Pili, kuruta awe na mahali pa kulalamika nje ya kambi, bila kupoteza cheti chake. Tatu, kifo chochote cha kambini kichunguzwe hadharani, na mzazi apewe ripoti mkononi, siyo jeneza na rambirambi tu.

Nenda jeshini, kijana mwenzangu. Kimbia, toka jasho, tii amri. Lakini nchi inayotaka uilinde kwa damu yako, nayo ina deni la kuulinda utu wako.