Tairi na Mzigo Wake: Maneno kwa Madereva wa Njia ya Namanga

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Kitengela)



Nimeombwa na Halmashauri ya tawi niseme machache juu ya matairi. Najua wengine watacheka, kwa kuwa kila mtu hapa amekwisha kulala chini ya gari na jeki mkononi. Lakini nimeona kwamba sisi tulio hodari wa kubadili tairi si hodari wa kulichagua. Kulichagua tumemwachia tajiri, na tajiri huchagua kwa bei. Tairi likipasuka, tajiri yuko nyumbani kwake, na aliyeshika usukani ni wewe.

Twapenda kusema, "Ajali haina kinga." Ni kweli kwa mambo mengi. Lakini tairi lisilolingana na kazi yake si ajali. Ni deni, na siku ya kulilipa huja.

Nitawapa mfano wangu mwenyewe. Zamani nilikuwa nikiendesha gari la abiria 14 kati ya Kitengela na Kajiado. Mwenye gari akaninunulia matairi mawili ya nyuma, mapya kabisa. Rimu ni ya inchi 15, tairi la inchi 15, na upana ni 195 kama yale ya kwanza. Yakaingia bila taabu. Siku moja ya jua kali, gari limejaa, tulipopita Isinya la kushoto likapasuka ubavuni. Mungu alitusaidia, gari likasimama majanini wala hakufa mtu. Mimi nilidhani ni msumari. Fundi wa pancha, kijana mdogo, akaniwekea kidole ubavuni mwa tairi akasema, "Mzee, hili ni la teksi."

Ndugu zangu, kijana yule alisoma nambari ambayo mimi sikuisoma. Baada ya ukubwa wa tairi huandikwa nambari na herufi. Nambari ni ya mzigo, na herufi ni ya mwendo. Tairi la motokaa ndogo huweza kuandikwa 195/65R15 91H. Hiyo 91 maana yake kilo 615. Tairi la gari la abiria huandikwa 195R15C 106/104. Herufi C yaonyesha kwamba ni tairi la kazi ya biashara. Nambari 106 ni kilo 950 tairi likifungwa peke yake, na 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili pamoja.

Sasa tufanye hesabu. Matairi manne ya kilo 615 hubeba kilo 2460. Gari tupu, tuseme lina kilo 1800. Watu 14 wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 980. Jumla ni kilo 2780, na bado hatujapakia gunia hata moja. Tena mzigo mwingi hukaa nyuma. Lakini matairi manne ya kilo 950 hubeba kilo 3800. Basi mwaona kwamba tairi langu lilikuwa limekwisha kushindwa kabla sijawasha gari.

Na ile herufi ya mwendo isimtie mtu kiburi. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, na H ni 210. Huo ni uwezo wa tairi, si ruhusa ya dereva. Kwa magari ya abiria na ya mizigo sheria yetu ni kilomita 80.

La pili ni njia. Dereva afanyaye kazi ya lami tu, Kajiado hadi Kitengela na Nairobi, yamfaa tairi la barabara, lenye mifereji ya kwenda mbele na meno madogo. Hilo husukuma maji wakati wa mvua, wala halichoki upesi. Lakini mwenzetu mwenye pikapu, anayeacha lami kufuata maziwa au mbuzi mabomani, hukutana na mawe makali, miba ya migunga, na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi. Huyo atafute tairi la njia mchanganyiko, lenye meno mapana na ubavu mnene. Asinunue lile la meno makubwa ya matope ikiwa siku nyingi yuko kwenye lami. Litanguruma, litaisha haraka, na breki zake juu ya lami iliyolowa hazitamridhisha.

Wenzetu wa malori ya mawe na saruji, neno langu ni hili. Matairi mawili yanayofungwa pamoja nyuma yawe ya kimo kimoja. Likiwa moja ni jipya na jingine limelika, lile refu hubeba mzigo wa yote mawili, na hilo ndilo litakalopasuka. Tena kabla ya kuondoka machimboni, tazameni kama jiwe halikukwama katikati yao. Na tairi lililovishwa mpira upya lisifungwe mbele kwenye usukani.

La tatu ni umri. Kampuni ya Firestone iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1969, ambayo baadaye ikawa Sameer, ilifunga kiwanda chake cha matairi mwaka 2016. Kwa hiyo tairi unalouziwa leo huenda limesafiri mbali na kukaa ghalani siku nyingi. Mpira huzeeka hata usipotembea. Tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, liache, hata likiwa na meno yote. Na ndani ya mifereji kuna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi ni kipara.

La nne ni upepo. Pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi, mkifuata kibao cha gari kilicho mlangoni. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, ubavu hupata moto, na mwisho huachana. Tairi likipata moto njiani upepo wake huzidi, na hiyo ni kawaida. Msiutoe, kwa maana likipoa litakuwa na upungufu.

Mtaniuliza, "Haya yote tumeyasikia, lakini mwenye kununua ni tajiri." Ni kweli. Ndiyo sababu nayasema hapa chamani, wala siyasemi dukani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari. Basi tuarifu kwa maandishi: tarehe, nambari ya gari, tairi gani, na kasoro gani. Tubaki na nakala. Maneno ya mdomo hupotea, lakini karatasi itakutetea siku utakapoulizwa na polisi kwa nini uliendesha gari bovu. Naomba tawi lipatane na wenye magari kwamba dereva aulizwe kabla ya tairi kununuliwa, na kwamba asifukuzwe kazi kwa kukataa kipara.

Tairi lililomaliza kazi lina kazi nyingine. Hapa Kajiado tunazijua sana akala, nazo ni viatu vya heshima. Basi tairi kuukuu livaliwe miguuni mwa watu, lisibebe roho zao.