Piki ndogo: kuchunga esansi, kuchunga uhai

(Mazungumzo kwa wanamemba, Bunia. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Munajua kazi yangu ni ya tereni, napita vijijini karibu kila juma, na mara nyingi napita kwa piki. Komite iliniomba niseme juu ya piki ndogo, kwa sababu wengi wenu mulipopata mkopo wa chama mulinunua hiyo. Leo piki ndiyo shamba la vijana wengi. Inaweza kulisha nyumba, inaweza pia kuimaliza.

Nina jambo moja la kuwaambia: kwa piki ndogo, kuchunga esansi na kuchunga uhai ni kazi moja. Karibu kila kitu kinachokula esansi ya bure, ndicho kinaleta ajali. Iko kitu kimoja tu kinachodanganya, nitakifikia.

Tuanze na hesabu. Piki ya 100 ikiwa nzima, na kliya mmoja nyuma, litre moja inaweza kuipeleka kilometa 50 hivi kwa njia nzuri. Motari akilalamika kwamba yake inakunywa sana, mara nyingi haiko moteri. Ni mipira yenye upepo kidogo. Ni sheni iliyokauka ao iliyolegea. Ni filitre ya hewa iliyojaa vumbi, moteri haipumue, inatoa moshi mweusi. Ni freni inayoshika gurudumu hata haujaikanyaga. Tuseme hayo yote yanakulia nusu litre kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni litre 13 kwa mwezi. Uliza bei kwa kadafi, utaona ni franga ngapi unamwaga barabarani.

Sasa angalia upande wa pili. Mpira ule ule wenye upepo kidogo ndio unateleza kwenye matope. Sheni ile ile ndiyo inakatika na kufunga gurudumu la nyuma.

Mzigo nao ni vile vile. Piki yenyewe ina kilo 110 hivi. Motari, mama, mtoto mgongoni, na bidoni tatu za mafuta ya ngazi: uzito umepita ule wa piki. Kwa mlima moteri inalia, esansi inaisha. Kwa kuteremuka, freni zilizotengenezwa kwa watu wawili hazishike.

Na mwendo: ukienda 30 kwa saa, kwa sekunde moja unapita karibu mita 8. Ukienda 60, karibu mita 17, na nafasi ya kusimama baada ya kufunga freni inakuwa mara ine. Mtoto akitoka kati ya magari pale Boulevard de la Libération, hiyo ndiyo tofauti ya kumshtua na kumuua. Na wewe unayekimbia na kufunga freni kila mara, unachoma esansi mbili: ya kukimbia, na ya kuanza tena.

Nimesema iko kitu kinachodanganya. Njia ya Kasenyi munaijua. Bunia iko karibu mita 1.275 juu ya bahari, Ziwa Albert iko karibu mita 620. Ukisha pita Bogoro, unateremuka mlima wote ule. Kuna wamotari wanaozima moteri pale juu na kuacha piki iende yenyewe. Wanasema ni esansi ya bure. Haiko ya bure. Piki ikiwa kwenye vitesi ya pili ao ya tatu, gazi imekatwa, moteri inakunywa kidogo sana, na inashikilia gurudumu la nyuma, inasaidia freni. Ukizima, uzito wote unabaki kwa freni peke yake. Zinapata moto, na freni yenye moto haishike tena. Unafika kwenye kona na hauna kitu cha kukusimamisha. Usiku ni mbaya zaidi, juu kwa piki nyingi taa inakufa pamoja na moteri. Yote hayo kwa ajili ya esansi isiyojaza hata glasi moja.

Neno kwa wale waliorudi kutoka Kyangwali. Vijana wengi walijifunza piki kule Uganda, baada ya kuvuka ziwa mwaka 2018. Kule wanapita kushoto, huku kwetu tunapita kuume. Kwenye magari mengi hautasahau, utafuata wengine. Utasahau asubuhi, unapotoka nyumbani na barabara haina mtu, ao ukishtuka mbele ya lori. Kabla ya kutia gazi, sema kwa sauti: kuume.

Juu ya kaske nitasema kidogo. OMS ilikuwa inahesabu kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Lakini ni ile iliyo kichwani na kufungwa chini ya kidevu. Ile ya kwenye mkono inachunga mkono.

Namaliza na wakubwa wenye piki, munisamehe. Kijana anayedaiwa «versement» ile ile siku ya mvua na siku ya jua, atakimbia, atabeba watu watatu, atazima moteri kwenye mlima. Tunamlaumu yeye, lakini deni ndilo linatia gazi. Ndiyo maana naomba komite iweke mambo matatu kwenye mkutano ujao. Moja: kwa kila piki ya mkopo, bei ya nusu litre iwekwe kila siku kwenye sanduku la matengenezo. Mbili: siku moja kwa juma bila «versement», piki iende kwa fundi. Tatu: mkopo wa piki utoke na kaske mbili, ya motari na ya kliya.

Piki ikianguka, deni haliangukie pamoja nayo. Linabaki kwa mjane na kwa chama. Tumerudi ili kujenga, basi tufike nyumbani.