Mahali Salama pa Kufunga Vifaa vya Umeme kwenye Pikipiki



Chaja ya simu, king'ora na kifaa cha kuifuatilia pikipiki inapoibwa ni vitu ambavyo mwenye bodaboda huviongeza baadaye, na fundi huvifunga palipo na nafasi. Lakini nafasi tupu si lazima iwe mahali salama. Kifaa cha bei ndogo kikifungwa vibaya huweza kuunguza chombo kinacholisha familia, au kumwangusha dereva pamoja na abiria wake.

Mahali pa kwanza ni usukani, ambapo simu huwekwa ili dereva aione ramani. Usukani hugeuka, na waya zilizofungwa hapo hugeuka nao. Waya uliokazwa mno hukatika polepole ndani ya ganda lake. Ulioachwa mrefu mno hunasa na kuuzuia usukani penye kona. Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto na kulia, na mkono wa mafuta uzungushwe na kuachiwa ili ionekane kama unarudi wenyewe. Simu isizibe mita ya mwendo. Aidha, mtikisiko huiumiza: mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaopita kwenye usukani huweza kudhoofisha kamera za simu. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko husaidia.

Mahali pa pili ni chini ya kiti. Pana ukavu, pamefichika na, kwa pikipiki nyingi, ni karibu na betri. Kifaa cha kufuatilia hufaa kukaa hapo, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hupenya sponji na plastiki, lakini huzuiwa na chuma. Ihakikishwe tu kwamba kiti hakikigandamizi pale abiria anapokaa.

Mahali pasipofaa ni karibu na bomba la moshi, ubavuni mwa injini, jirani na koki ya mafuta, na popote ambapo gurudumu hurusha maji na tope.

Popote kifaa kitakapokaa, waya wake uanzie kwenye fyuzi yake yenyewe, iliyowekwa karibu na betri. Waya ukichubuka na kugusa fremu, fyuzi hukatika kabla waya haujawaka moto. Chaja ipate umeme ufunguo unapowashwa tu, ili betri isiishe usiku. Kifaa cha kufuatilia kiendelee kufanya kazi ufunguo ukitolewa.

Mmiliki anayemkabidhi kijana pikipiki kwa mkataba amwonyeshe kila kilichoongezwa na mahali fyuzi ilipo. Dereva akisikia harufu ya plastiki inayoungua, asimame, azime ufunguo na amshushe abiria kwanza. Mengine yatafuata.