Nani Aamue Maradhi Yanapoingia?

Somo la elimu ya watu wazima kwa redio, kwa madarasa ya Chikongola, Mtwara

 

Viongozi wa vikundi, tafadhalini andikeni ubaoni maneno manne: TAHADHARI, KARANTINI, TAKWIMU, CHANJO. Tuyasome pamoja, polepole. Ta-ha-dha-ri. Ka-ra-nti-ni. Ta-kwi-mu. Cha-njo. Mara ya pili. Vema.

Tahadhari ni kujilinda kabla hatari haijafika. Mvuvi anayetazama mawingu kabla ya kutweka tanga anachukua tahadhari. Karantini ni kumtenga mtu kwa muda ili maradhi yasienee. Neno hili si geni pwani yetu. Kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, zamani kilikuwa mahali pa kuwaweka wasafiri walioshuka melini, mpaka ionekane kwamba hawana maradhi. Takwimu ni hesabu za mambo: watu wangapi wameugua, wangapi wamepona, wangapi wamekufa. Chanjo ni dawa inayoufundisha mwili kupigana na maradhi kabla hayajaingia.

Basi, sasa tusikilize habari yenyewe.

Tarehe 11 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza alitangazwa katika nchi yetu, huko Arusha. Ugonjwa huo baadaye tuliuita kwa Kiswahili UVIKO-19.

Serikali ilifanya nini? Kwanza ilifunga shule na vyuo. Ikakataza mikusanyiko ya siasa na michezo. Ndoo za maji na sabuni zikawekwa milangoni mwa maduka na ofisi, nanyi bila shaka mnazikumbuka. Lakini masoko hayakufungwa, wala misikiti na makanisa. Rais wa wakati ule, Dokta John Magufuli, alisema watu wafanye kazi na wamwombe Mungu.

Majirani walishika njia nyingine. Ng'ambo ya Ruvuma, serikali ya Msumbiji ilitangaza hali ya hatari tangu tarehe 1 Aprili 2020. Kenya ilikataza watu kutoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi. Uganda ilifunga shule, na shule zote hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hebu fikirini: karibu miaka miwili! Mto ni mmoja, maradhi ni yale yale, na watu wa kando zake ni ndugu wa damu. Lakini kila serikali ilikuwa na amri yake.

Je, ni serikali gani iliyokuwa na haki? Tusifanye haraka kujibu. Kwanza tumfikirie mama mmoja anayeuza samaki hapo Chikongola. Jina lake si kitu, tumwite Mama Fulani. Anaamka alfajiri, ananunua samaki kwa wavuvi, anakaanga, anauza. Faida ya leo ndiyo unga wa jioni. Hana mshahara wala akiba. Ukimwambia, "Mama, kaa ndani siku 30," atakuuliza, "Na watoto wangu wale nini?" Swali lake ni la haki. Amri ya kukaa ndani humwelemea mnyonge kuliko tajiri, kwa sababu tajiri ana ghala.

Tena amri huweza kugeuka fimbo. Huko Mombasa, siku ile ya kwanza ya amri ya usiku, askari waliwapiga watu waliokuwa wakisubiri kuvuka kwa kivuko cha Likoni. Watu walikuwa wakirudi makwao kutoka kazini. Walisongamana pamoja wakikimbia virungu na moshi wa kutoa machozi, na kusongamana ndiko kulikokatazwa! Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kibarazani kwao, askari walipokuwa wakitekeleza amri hiyo. Kwa hiyo twaona kwamba kuacha masoko wazi kulikuwa na hoja yake, wala si upumbavu.

Lakini sasa tuangalie upande wa pili. Rudini ubaoni, mlitazame neno la tatu: TAKWIMU.

Tarehe 3 Mei 2020, Rais alisema kwamba maabara ya taifa ilipelekewa sampuli za papai na mbuzi kwa siri, na majibu yakasema papai na mbuzi wana korona. Akatia shaka juu ya vipimo vyote. Baada ya siku chache, hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena. Idadi ya mwisho ilikuwa wagonjwa 509 na waliokufa 21 kwa nchi nzima. Mwanzoni mwa Juni, Rais alisema korona imekwisha kwa nguvu ya Mungu, na shule zikafunguliwa zote mwishoni mwa mwezi huo.

Kusema habari nyingine kulikuwa na hatari. Mwezi wa Aprili 2020, gazeti la Mwananchi lilitozwa faini ya shilingi milioni 5, na likasimamishwa kuchapisha mtandaoni kwa miezi 6, kwa ajili ya picha ya Rais akinunua samaki katikati ya watu. Picha ilikuwa ya zamani, na gazeti lilikuwa limekosea. Lakini kufungwa mdomo miezi 6 ni adhabu kubwa. Na mwezi wa Julai mwaka ule ule, kanuni mpya zilikataza kutangaza mtandaoni habari za maradhi ya kuambukiza bila ruhusa ya wenye mamlaka.

Ndugu wanafunzi, hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kutofunga soko ni jambo moja. Kutotoa hesabu ni jambo jingine kabisa. Mama Fulani anaweza kwenda sokoni na huku akajilinda, ikiwa anajua ugonjwa upo na umefika wapi. Atafunga kitambaa puani. Atapanga wateja wake mbalimbali. Atamwambia mama yake mzee asiende msibani. Lakini ikiwa ameambiwa ugonjwa umekwisha, atajilinda na nini? Nahodha anaweza kuamua kupita karibu na mwamba, kwa kuwa ana haraka. Lakini asiwafiche mabaharia kwamba mwamba upo.

Ugonjwa haukwisha. Januari 2021 maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwaonya waumini kwamba korona bado ipo. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza waziwazi kwamba ana korona. Siku nne baadaye, Rais Magufuli aliwaambia watu wavae barakoa, hasa zilizotengenezwa nchini. Naye alifariki tarehe 17 Machi 2021. Serikali ilitangaza kwamba aliugua moyo.

Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, aliunda kamati ya wataalamu ili imshauri. Takwimu zikaanza kutolewa tena. Julai 2021 zikafika chanjo za kwanza, zaidi ya milioni 1, na tarehe 28 Julai Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya watu wote. Lakini je, watu walikimbilia chanjo? La. Wengi walisita, kwa maana miezi michache nyuma, mwezi wa Januari, walikuwa wamesikia kwa kinywa cha mkubwa kwamba chanjo hizo hazifai. Neno la mkubwa ni kama msumari katika mbao: hata ukiung'oa, tundu hubaki. Ikawapasa wauguzi kwenda nyumba kwa nyumba na kukaa na watu, na kazi hiyo ikaitwa Mpango Shirikishi na Harakishi.

Kusita si dhambi. Oktoba 1977, katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mpishi mmoja wa hospitali aliugua ndui. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida. Jina lake Ali Maow Maalin. Alifanya kazi hospitalini, lakini mwenyewe aliogopa kuchanjwa, akidhani itauma sana. Alipona. Baadaye akawa mtu wa kwenda kwa wazazi, akiwaeleza kosa lake, ili wawachanje watoto wao wasipate polio. Watu walimsikiliza kwa sababu aliwaambia kweli.

Na hapa kwetu tunao mfano mwema zaidi. Wazee mlio darasani, mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973? Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi kama vyenu hivi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe. Walichimba vyoo, walifyeka nyasi, waliondoa maji yaliyotuama penye mbu. Watu walielezwa sababu, wakaamua pamoja, nao wakafanya kwa mikono yao.

Basi, maradhi mengine yakija, maana yatakuja, yatupasa kuuliza maswali matatu. La kwanza: Nani ameamua, na ametupa sababu gani? La pili: Hesabu ziko wapi, na twaweza kuzisoma? La tatu: Nani atalipa gharama ya amri hii, na atasaidiwa vipi? Mtu anayeuliza maswali haya kwa adabu si mpinzani wa serikali wala wa daktari. Anajilinda, na analinda jirani yake. Na ndiyo sababu mmoja ya kujifunza kusoma: tangazo likibandikwa ukutani, ulisome mwenyewe, usingoje kusomewa na mwenye nia yake.

Sasa kazi ya vikundi. Jadilianeni kwa muda wa nusu saa:

1. Mwaka 2020, nyumbani kwenu mlipata wapi habari za korona? Ni habari gani mliyoiamini, na kwa nini?

2. Kama soko lingefungwa siku 30, nani mtaani kwenu angeumia kwanza? Mngemsaidiaje?

3. Je, mkubwa akikosea katika jambo la afya, anafaa kusema, "Nimekosea"? Faida yake nini?

Kisha kila mmoja aandike sentensi hii katika daftari lake, kwa herufi safi: "Nataka kujua ili nijilinde." Asiyeweza kuandika yote, aandike neno la kwanza na la mwisho, na mwenzake amsaidie.

Mama Fulani akiwa darasani leo, naye aiandike. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.