Mtoto Halali, Mtoto Analala Mno

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mkunga mstaafu kwenye kikao cha familia mpya hapa Maskati. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mliokuja na watoto msione haya wakilia, na wewe uliyekaa karibu na mlango ili utoke haraka, njoo mbele. Hapa hakuna atakayekutazama vibaya.

Nimeombwa niseme juu ya usingizi wa watoto wachanga, kwa sababu ndilo jambo mnaloliuliza kuliko yote. Linaulizwa kwa namna mbili. Wa kwanza ananiambia, "Bibi, mtoto wangu halali." Huyo macho yamemwiva na kanga ameivaa kinyume. Wa pili haniambii kama shida. Ananiambia kwa furaha: "Wangu mpole, mashallah, analala tu, hata kulia hajui." Leo nataka mjue kwamba huyu wa pili, kama mtoto wake hajatimiza wiki mbili, ndiye anayenifanya niweke kikombe cha chai chini. Lakini nianze na wa kwanza, maana ndiye aliyechoka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, unaosema mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa usiku na mchana pamoja, na wa miezi minne hadi kumi na moja saa 12 hadi 16. Ukisikia hivyo utashangaa. Utasema, saa 17? Wangu mbona hata sita hafikishi? Anafikisha, ila amezikata vipande. Nusu saa hapa, saa mbili pale, dakika ishirini begani mwa baba yake. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi, kwa hiyo anataka kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na siku yake haina usiku. Kujua kwamba giza ni la kulala ni jambo ambalo mwili wake hujifunza polepole, kuanzia kama miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo, saa nane za usiku na saa nane za mchana kwake ni mamoja. Unaweza kumsaidia kidogo: mchana fungua pazia, acha sauti za nyumba ziendelee, usiku punguza taa, mnyonyeshe bila mazungumzo, mrudishe. Usitazamie muujiza wiki ya kwanza.

Na jambo hili wengi hawalijui. Mtoto mchanga akilala hatulii kama sisi. Karibu nusu ya usingizi wake ni wa kuhangaika: anakunja uso, anaguna, anatabasamu, anarusha mkono, pumzi zinakwenda mbio halafu zinasimama sekunde chache na kuanza tena. Mama aliye peke yake gizani akiona hivyo humnyanyua. Sasa umemwamsha mtoto aliyekuwa amelala. Mtazame kwanza. Hesabu hadi kumi na tano. Mara nyingi ataendelea na usingizi wake na wewe utaendelea na wako.

Mbona basi hapa Maskati jambo hili linaonekana zito kuliko kwetu? Nimeliwaza sana, na sioni kwamba watoto wamebadilika. Kwetu, awe wa Unguja, Mombasa, Bujumbura au Bukavu, mtoto anazaliwa kwenye nyumba yenye watu. Arubaini yako unakandwa, unapikiwa uji, na mtoto akilia usiku kuna mama, kuna shangazi, kuna hata jirani anayekohoa ukutani kukwambia yuko macho. Wewe umezaa kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, mlango umefungwa kwa sababu ya joto, mume yuko zamu, na mama yako ni ujumbe wa sauti kwenye simu. Unguja iko nyuma yetu saa moja tu, lakini huwezi kumpokeza mtoto kwa simu. Mtoto anaamka mara zile zile alizokuwa akiamka mjukuu wa bibi yako. Kilichopungua ni mikono ya kumpokea.

Kwa hiyo kina baba, nawageukia ninyi. Sisemi unyonyeshe. Nasema ukitoka kazini, oga, kisha mchukue mtoto saa mbili na mama alale amefunga mlango. Mbadilishe nepi, mbebe, tembea naye ukumbini. Na kama una jirani Mswahili, na Maskati hawakosekani, tangu wale waliorudi kutoka Zanzibar miaka ya sitini na sabini, usione haya kumgongea. Atafurahi. Mzee wa Kizanzibari aliyekaa hapa miaka hamsini hajapata mtoto wa kubeba tangu wajukuu wake waingie skuli.

Mama, kama mtoto amelala, kuna wa kukupokea, na bado usingizi hauji, usiku baada ya usiku, moyo mzito, machozi yasiyo na sababu, hilo si uvivu wala si upungufu wa imani. Mwambie muuguzi. Ni ugonjwa unaotibika, na wengi huupata baada ya kuzaa.

Sasa nije kwa yule mpole.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mama kijana, amefika hapa akiwa na mimba kubwa. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, akarudi nyumbani. Siku ya tano mtoto analala. Anaamshwa, anavuta titi mara tatu, analala. Kila aliyekuja kumtazama alimsifu. Mama mkwe kwa simu alisema, "Huyo kamfuata babu yake." Nepi zilikuwa kavu tangu alfajiri, na mama akaona ni nafuu, maana nepi ni ghali. Alipompeleka kupimwa uzito, muuguzi alimvuta dirishani, akamfunua macho, akasema kwa Kiarabu, "Safaar." Mama akamjibu, "Hapana, hatusafiri." Tunacheka leo, na yeye mwenyewe akihadithia anacheka. Siku ile hakucheka mtu. Safaar ni umanjano. Mtoto alikuwa wa manjano hadi miguuni.

Umanjano kidogo siku za mwanzo watoto wengi wanao, nao hupita. Unatokana na bilirubini, takataka ya damu iliyovunjika ambayo ini changa bado halijazoea kuitoa. Ikizidi inamlaza mtoto. Akilala hanyonyi, asiponyonya haendi haja, na asipokwenda haja ile bilirubini inabaki mwilini na kuzidi kumlaza. Ikipanda sana huharibu ubongo, na masikio pia. Dawa yake ni nyepesi ikiwahiwa: analazwa chini ya taa ya buluu, ananyonyeshwa sana, anapimwa damu. Yule mtoto alilala chini ya taa siku tatu, na leo anasoma.

Lakini daktari aliuliza, "Nguo zake zilitoka wapi?" Zilitoka kwenye sanduku. Bibi yake alizitunza vizuri, nguo za watoto wa kwanza, amezitia vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, naftalini. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili linatuhusu sisi hasa. Baadhi ya watu damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hapa Omani takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya wanne huzaliwa nao, na kwetu pwani ya Afrika ni jambo la kawaida vilevile, kwa kuwa ni urithi wa nchi zilizokaa na malaria kwa vizazi vingi. Waarabu huuita anemia ya fuul, kwa sababu maharage ya fuul huuamsha. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi maisha yake yote bila kuugua, ila vitu fulani vikimgusa damu yake inavunjika ghafla. Naftalini ni kimojawapo. Hina kwenye ngozi ya mtoto mchanga ni kingine. Mama, jipake hina wewe mpaka viwikoni, umestahili. Mtoto mwache. Na nguo zilizokaa na naftalini usimvishe, hata kama zimetarizwa na bibi. Muulize muuguzi kama mtoto wako amepimwa G6PD, na jibu liandikwe kwenye kadi yake ya afya.

Watoto wetu wengine ni weusi, na umanjano kwenye ngozi nyeusi hujificha. Usimtazame chini ya taa ya ukutani. Mpeleke dirishani mchana, tazama weupe wa macho, tazama fizi, bonyeza kidogo ncha ya pua uone rangi inayorudi. Wala usimwanike juani. Najua kwetu walifanya hivyo asubuhi. Jua la Maskati litamchoma na kumkausha kabla halijamtibu, na jua halishiki nafasi ya taa ya hospitali.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo, mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao, usiache zikapita saa tatu mchana, au nne usiku, bila kumnyonyesha. Amelala? Mwamshe. Mvue nguo, mbadilishe nepi, msugue nyayo, mpitishie kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kuanzia siku ya tano utazame nepi: sita zilizolowa kwa siku, na choo cha manjano, ni mtoto anayepata maziwa. Mtoto wa namna hiyo akilala sana baada ya wiki ya pili, na akiamka ananyonya kwa nguvu, mwache alale.

Mahali pa kulala nitasema kwa ufupi, ingawa ndipo ninapogombana na mabibi wenzangu. Mlaze chali. Kila usingizi, usiku na mchana, kwenye godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito. Zamani tulifundishwa kumlaza kifudifudi tukihofia akitapika atapaliwa. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi si rahisi kupanda humo. Tangu nchi nyingi zianze kuwaambia wazazi hivyo, miaka ya tisini, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vimepungua kwa nusu na zaidi. Usilale naye kwenye sofa, hata kwa dakika tano. Kiyoyozi kiwashe, kisimpulizie usoni, na usimfunge nguo tano kwa kukiogopa. Mguse shingo kwa nyuma, ikiwa na jasho amezidishiwa. Ubani na udi, ambao mimi mwenyewe siwezi kuishi bila ya harufu yake, fukiza chumba kingine. Na mtoto aliyelala ndani ya gari usimwache ukaingia dukani. Joto likipita nyuzi 40 nje, na miezi ya kiangazi hupita, ndani ya gari lililofungwa ni tanuri baada ya dakika chache. Mwamshe, mbebe, alie.

Mtaambiwa pia kuna dawa ya kumlaza. Maji ya yansuni, dawa ya chango, sharubati ya mafua kijiko kimoja. Hapana. Chini ya miezi sita ni maziwa peke yake na dawa aliyoandikiwa na daktari. Sharubati za mafua zinaweza kumfanya asahau kupumua. Na asali isiguse ulimi wake mpaka atimize mwaka.

Sasa, lini uende hospitali bila kungoja asubuhi? Akishindwa kuamka kunyonya, au akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Manjano ikishuka tumboni na miguuni. Joto la mwili likifika nyuzi 38 na hajatimiza miezi mitatu. Pumzi ikisimama zaidi ya zile sekunde chache nilizosema, au midomo ikigeuka buluu: hapo piga 9999. Kama Kiarabu chako bado kigumu, jifunze haya tu: "ma yirdhaa", hanyonyi. Kwa msichana, "ma tirdhaa". Yaseme mlangoni, kwa sauti, na onyesha mtoto. Hata yule muuguzi mwenye shughuli nyingi kuliko wote atainua kichwa.

Mizani nimeileta, iko pale mezani. Kina mama wenye watoto wa chini ya mwezi waanze, wengine mngoje na maswali yenu. Na yule baba aliyelala kwenye kiti cha nyuma, mtoto kifuani, naomba mtu amchukue mtoto taratibu amlaze kwenye mkeka. Baba mwacheni.