Majina ya Udugu



Nimeombwa niseme machache juu ya lugha, nami nitashika neno moja tu, nalo ni "anko". Watoto wetu wa mjini humwita hivyo ndugu wa baba, na ndugu wa mama pia. Kiingereza hakiwatengi hao wawili, Kiswahili huwatenga. Kakaye baba ni baba mkubwa, nduguye mdogo ni baba mdogo (jamaa zetu wa pwani husema ami), na ndugu mume wa mama ni mjomba. Basi aitwaye baba hawezi kukwepa mambo ya baba: karo ya shule na ulezi wa yatima.

Mwaka uliopita, katika matanga ya mwenzetu mmoja, nilimwuliza kijana wa marehemu ni nani atakayewalea. Akanionyesha mabwana watano, wote "anko". Hakujua amwendee yupi kwanza; nao, nasikitika kusema, walitazamana tu.

Kwa hiyo namwomba Katibu, aandikapo majina ya jamaa katika daftari la wanachama, asikubali "anko". Aulize: ni ndugu wa baba, au wa mama?