Ushindi Huanzia Kwenye Pamba



Kijana mbunifu wa mavazi anaposhindana mbele ya kamera za televisheni, waamuzi hutazama mkato, mshono na rangi. Ni nadra kuuliza kitambaa kimefumwa wapi.

Mwaka 1954, umeme wa Bwawa la Owen Falls ulipopatikana, kiwanda cha Nytil kilianzishwa Jinja. Baadaye Mbale nayo ikapata kiwanda cha nguo. Cha Mbale kilifungwa. Cha Jinja kiliuzwa, lakini kingali kinafuma, na sare za askari ni miongoni mwa kazi zake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kusokotwa, nayo mitumba hufurika masokoni. Mwaka 2022 mbunifu Bobby Kolade, aliyekulia Kampala, alianza kuifumua mitumba hiyo, kuishona upya na kuiuza kwa wateja wa ng'ambo ilikotoka.

Ujuzi, basi, tunao. Askari aliyevaa sare ya Jinja amevaa jasho la mkulima, la mfumaji na la fundi cherehani. Hapana budi kijana wa Mbale naye apate kitambaa cha nyumbani kwa bei anayoimudu. Hapo ndipo ushindi wake utakapokuwa wetu sote.